Daftari la Wiki: Milima ya Nyuma ya Michikichi

Jumatatu. Rafiki yangu wa Kigoma ameniuliza swali lililonikalia kichwani tangu asubuhi: akipata siku nne za kutembea milimani, aje kwetu Rumonge, Burundi, au ashuke Mahale?

Mahale ina sifa zake na sibishi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1985, ndani hakuna barabara, unafika kwa boti au kwa ndege ndogo. Kilele cha Nkungwe kina mita 2,462, na chini yake wanaishi sokwe mtu. Kutembea ni lazima uwe na muongozaji, kwa hiyo upande wa usalama wametuzidi mbali.

Jumatano nilipanda mwenyewe milima ya huku kwetu. Ziwa letu la Tanganyika liko kwenye mita 770 na kitu, na msitu wa Bururi unavuka 2,000. Yaani unaanza safari kwenye joto la tambarare ya Imbo, katikati ya michikichi, unamaliza ukitafuta sweta. Kilimanjaro hewa inakwisha na kichwa kinauma, huku ni magoti tu yanayolalamika.

Njia niliyopita haikuwa na kibao hata kimoja, lakini sikuwa peke yangu hata robo saa. Watu wanashuka na muhogo, wanapanda na ndagala. Manyunyu yakaanza, udongo mwekundu ukageuka sabuni. Mama mmoja mwenye kidumu cha mawese kichwani, shingo haitikisiki, akanitazama miguu. “Mwanangu, acha hapo panapong'aa. Kanyaga majani.” Alikuwa pekupeku, vidole vimeshika ardhi kama mkono. Nilimfuata nyayo kwa nyayo hadi kwenye migomba, na sikuanguka. Muongozaji bora kuliko yeye sijampata popote.

Hata hivyo mvua kubwa ikija, mgeni wangu simpeleki. Ng'ambo hii miteremko ni mikali, imelimwa hadi ukingoni, na mizizi ya kushika udongo imebaki michache. Tumeyaona hayo Gitaza mwaka 2015, mlima uliposhukia watu na kukata barabara ya Bujumbura. Natamani sana miti irudi juu kule, kwa ajili ya wanaolala chini kabla ya watembeaji.

Alhamisi. Bururi kuna chura mdogo, dume ana kidole kirefu cha ajabu. Alionekana mara ya mwisho 1949, watafiti wakamkuta tena 2011. Miaka yote hiyo alikuwepo msituni, na msitu ulikuwepo wa kumficha. Nalifurahia jambo hili kila nikilikumbuka.

Ijumaa nimeloweka miguu Mugara, kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, jioni nikala samaki wa mukeke wa kuchoma. Nimemjibu rafiki: njoo Julai, kiangazi, na viatu vyenye meno. Siku tatu za mlima, ya nne Mugara. Mahale tutaenda pamoja mwakani.