Kutoka kadi za salamu hadi podikasti: sauti ya mtaa isikose wa kuijibu

MAPENZI ya msikilizaji wa Afrika Mashariki kwa redio yamepita katika hatua nyingi, na kila hatua imemsogeza karibu zaidi na kipaza sauti. Alianza kwa kununua kadi za salamu, akaorodhesha majina ya ndugu, jamaa na marafiki, kisha akaketi kando ya redio akingoja jina lake lisomwe. Baadaye akapata simu ya mkononi na kuwa mchangiaji wa vipindi vya asubuhi. Hivi leo anaweza kujifungia chumbani, akarekodi kipindi chake mwenyewe na kukisambaza kwa njia ya intaneti.

Kipindi cha namna hiyo ndicho kinachoitwa podikasti, yaani mazungumzo yaliyorekodiwa na kuwekwa mtandaoni ili kila mtu ayasikilize kwa wakati wake. Kazi hiyo sasa inafanywa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, na miongoni mwa waifanyao wamo waliokulia kando ya redio za wazazi wao.

Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: je, podikasti ya mtaa itairithi redio ya mijadala kwa ukamilifu wake, au itarithi kipaza sauti pekee na kumwacha nje yule mpiga simu aliyekuwa roho ya kipindi?

Ikumbukwe kwamba podikasti yenyewe ilizaliwa na redio ya mijadala. Mwaka 2003, nchini Marekani, mtangazaji Christopher Lydon, aliyekuwa ameachana na kipindi chake cha redio ya umma mwaka 2001, alishirikiana na mtaalamu wa kompyuta, Dave Winer, kusambaza mahojiano yake ya sauti kupitia intaneti. Jina la podikasti lilijitokeza Februari 2004 katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza. Juni 2005, kampuni ya Apple iliingiza vipindi hivyo katika programu yake ya iTunes.

Katika Afrika Mashariki, njia ilifunguliwa na kuruhusiwa kwa redio binafsi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji mwaka 1993, na mwaka uliofuata Radio One ikaanza kusikika. Uganda na Kenya nazo zilifungua milango katika muongo huo huo. Mwananchi aliyezoea kusikia sauti za viongozi na watangazaji wa serikali akaanza kusikia sauti ya jirani yake.

Hapo ndipo thamani ya redio ya mijadala ilipodhihirika. Mama lishe alilalamikia taka zilizorundikana sokoni, dereva wa daladala akamuunga mkono, na diwani akalazimika kupiga simu kujieleza kabla kipindi hakijamalizika. Asiyeridhika na jibu alipiga tena. Mtangazaji alikuwa mwenyekiti tu wa kikao, kwani wenye kikao walikuwa wasikilizaji.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2000, Radio One ya Kampala ilirusha mjadala wa hadhara kutoka ukumbi wa Club Obligatto, ambako watu waliketi kuzunguka meza na kuchangia mmoja baada ya mwingine. Mijadala hiyo iliitwa ebimeeza, jina lenye asili moja na neno meza la Kiswahili, na vituo vingine vikaiga. Septemba 2009, baada ya machafuko yaliyotokana na mvutano kati ya serikali na ufalme wa Buganda, ebimeeza zilipigwa marufuku. Kituo cha CBS cha Buganda nacho kilifungwa na hakikurejea hewani hadi Oktoba 2010.

Marufuku hiyo inafundisha jambo moja. Watawala hawakusumbuliwa na mtangazaji mmoja mwenye maneno makali. Kilichowasumbua ni mkusanyiko wa watu wa kawaida wanaosikika wakijibizana bila kuandikiwa hotuba.

Hata hivyo, si haki kuisifia redio ya mijadala bila kutaja majeraha yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilieleza jinsi baadhi ya vituo vya lugha za kikabila vilivyochochea chuki, vikiwamo vipindi vya kupiga simu. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, na kesi yake ikahitimishwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi.

Kwa mtu anayeanzisha podikasti leo, historia hiyo ni onyo. Redio ina mhariri, mtayarishaji na fundi anayeweza kukata simu ya mchochezi. Mwenye podikasti mara nyingi hushika kazi zote hizo peke yake. Kwa kuwa kipindi chake hurekodiwa kabla ya kusambazwa, hana kisingizio cha kusema kwamba neno baya lilimponyoka mgeni wake hewani.

Kikwazo kingine ni gharama. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni kulipa ada ya maombi ya Sh 100,000, ada ya awali ya leseni ya Sh 1,000,000 na ada ya mwaka ya Sh 1,000,000. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na tena mwaka 2022, na ada zikapunguzwa. Lakini funzo linabaki: mzigo ulio mwepesi kwa kampuni unaweza kuinyamazisha sauti ya kijana wa mtaani kabla haijasikika.

Msikilizaji naye hutozwa. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza Sh 200 za nchi hiyo kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikabadili utaratibu huo na kuweka kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Redio ya betri haimuulizi mkulima kama ana bando. Podikasti humuuliza kila siku, na asiye nalo hubaki nje ya mjadala unaohusu kisima na zahanati yake mwenyewe.

Hatari iliyopo basi ni kwamba mazungumzo ya mtaa yatageuka kuwa mazungumzo ya marafiki wawili wenye simu nzuri, wakicheka wenyewe na kukubaliana wenyewe. Kipindi kama hicho kinaweza kupata wasikilizaji hata ughaibuni, lakini mtaa kinaousema hauna pa kukijibu.

Dawa yake si ngumu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaweza kuchukua nafasi ya simu ya moja kwa moja, ilimradi mwendesha kipindi aucheze hata pale unapompinga. Diwani anayelaumiwa apewe nafasi katika kipindi kinachofuata. Redio za jamii zilizoko wilayani nazo zinaweza kurusha tena vipindi hivyo, ili asiye na bando avisikie bila malipo na mwenye podikasti apate jicho la mhariri.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Redio ya mijadala ilipendwa kwa sababu iliwapa nafasi hao wengi, wakiwamo waliokosea na waliokasirika. Aliyeipenda kiasi cha kununua kipaza sauti chake mwenyewe ana deni moja la kulipa: kumwachia mpiga simu nafasi ile ile ambayo yeye aliwahi kuingoja, kadi ya salamu mkononi.