Breki Haziombewi

Nina ugomvi na sentensi moja, na nauleta hapa kwenu kwa sababu sisi waandishi ndio wabebaji wake wakubwa. Sentensi yenyewe ni hii: "Yalikuwa mapenzi ya Mungu." Basi likipinduka, mapenzi ya Mungu. Lori likikosa breki mlima Sekenke, mapenzi ya Mungu. Abiria mmoja akitoka mzima, hapo eti shetani ameaibika! Sasa jamani, katika ugomvi huo wa Mungu na shetani, fundi yuko wapi? Dereva je? Na tajiri mwenye gari?

Mimi ni mtu wa Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Kwa asiyepajua, ni nchi ya alizeti, uwele na mtama, si mbali na Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu. Ukiendelea na barabara kuu hiyo kuelekea Nzega unateremka Sekenke mpaka mbuga ya Wembere, na madereva wa malori wanaujua mteremko ule kama mtu anavyomjua mkwe mkali. Lami imefika barabara kuu, lakini njia nyingi za ndani bado ni udongo, na masika yakishika, udongo ule haumwulizi mtu dhehebu lake.

Iramba yetu imepokea wahubiri zamani. Walutheri wa Leipzig kutoka Ujerumani walifika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakaja Wamarekani wa Augustana katika miaka ya 1920. Shule zilijengwa, hospitali zilijengwa, ile ya Iambi mpaka leo inatibu watu. Sibezi kazi hiyo. Ninachokataa ni namna safari zake zinavyosimuliwa. Gari la injili likikwama, basi ni jaribu. Likikwamuka, ni muujiza. Msikilizaji anatoka na sifa za Mungu mdomoni, lakini hajui gari lilikwama kwa nini wala lilikwamuliwa na nani.

Nikiwa darasa la sita niliona kwa macho yangu. Pikapu ya wahubiri wageni ilizama kwenye tope jeusi mpaka ekseli. Vijana wakakata matawi, wakachimba kwa majembe ya nyumbani, na mzee mmoja jirani yetu akaleta maksai wake wanne. Walivuta tangu saa nane mpaka jua linazama. Jumapili yake tukaambiwa kanisani kwamba Bwana alituma malaika. Malaika! Yule mzee alikuwa amekaa benchi la tatu, tope bado liko kwenye kucha za miguu. Hakutajwa jina. Na tairi za pikapu ile, ambazo zilikuwa vipara kabisa, nazo hazikutajwa. Wiki mbili baadaye ikakwama tena, na wakatumwa watoto kumwita "malaika" yule yule.

Hilo ni jambo dogo, hakuna aliyekufa. Tuchukue kubwa.

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walikufa. Watoto watatu walipona. Wamarekani wa shirika la Kikristo la STEMM walikuwa wakipita njia hiyo, wakasimama, wakashuka korongoni na kuwahudumia. Baadaye watoto hao watatu walipelekwa kwa ndege Sioux City, Iowa, wakatibiwa, na Agosti mwaka ule ule wakarudi nyumbani.

Nchi nzima ilisema ni muujiza. Sawa, uite muujiza. Lakini muujiza huo ulikuwa na mikono ya watu: walioweza kumtambua aliye hai katikati ya maiti, madaktari, marubani, na waliolipa. Hao Wakristo hawakusimama ukingoni wakatafakari mapenzi ya Mungu. Walishuka. Imani yao ilikuwa na ujuzi ndani yake. Halafu hesabu inabaki: tukisema Mungu ndiye aliyewachagua wale watatu, tunasema nini kwa wazazi wa wale 32? Kwamba watoto wao hawakuchaguliwa? Mimi siwezi kuisema sentensi hiyo mbele ya mzazi. Afadhali niulize ilikuwaje watu 38 wakawa ndani ya basi dogo kwenye mteremko, siku ya mvua.

Najua nitajibiwa: "Kijana, umekuwa mpagani." La hasha. Nasali. Na mama aliyefiwa aseme atakavyo, maneno hayo ni mkongojo wake, siyagusi. Ninaowasema ni wenye kipaza sauti na wenye kalamu. Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa abiria ni kweli. Lakini mwenye basi bovu anayo kinga, tena ya bure: ni hiyo sentensi yetu. Nani atamshtaki mtu kwa jambo alilolitaka Mungu?

Na sisi waandishi chipukizi tusijifanye watakatifu. Soma miswada yetu. Mhusika mbaya amedhulumu wajane, amevunja ndoa za watu, mwandishi kachoka, kurasa zimekwisha. Anafanya nini? Anampandisha gari na kumpindulia Kitonga! Hapo msomaji anafundishwa kwamba anayekufa ajalini alikuwa na lake. Katika treni iliyorudi nyuma ikaua zaidi ya watu 200 kule Igandu, Dodoma, Juni 24, 2002, waovu walikuwa behewa gani? Breki zikishindwa, treni inarudi na wote, mlokole na mlevi. Chuma hakiulizi kadi ya ubatizo.

Kwa hiyo nasema hivi, ndugu mwandishi mwenzangu. Ukiandika ajali, andika tairi. Andika saa ngapi dereva alianza safari na alilala wapi jana yake. Andika watu wangapi walikaa kiti cha wawili, na nani alipokea nauli yao. Andika jina la mwenye maksai. Kama barabara haina daraja, sema tangu lini wananchi wanaliomba. Mambo hayo yakishakaa kwenye karatasi, msifu Mungu kwa kadiri ya imani yako, hakuna atakayekuzuia.

Na nyinyi wahubiri mnaokuja Ulemo, karibuni sana, tutawapokea kama siku zote. Lakini kabla ya kufumba macho kuombea safari, inameni kwanza mtazame tairi.