KURA YAKO IWE PALE UNAPOFANYA KAZI



Wafanyakazi wengi wa Lodwar huuliza: meya wa mji huu ni nani, nasi tutampigia kura lini? Jibu ni kwamba hakuna meya wa kupigiwa kura. Zamani Lodwar ilikuwa na baraza la madiwani. Sisi tulichagua madiwani, nao wakamchagua meya. Mambo hayo yalikwisha mwaka 2013, Katiba ya 2010 ilipoleta serikali za kaunti. Leo Lodwar ni manispaa inayoongozwa na bodi, na wajumbe wa bodi hawapigiwi kura na wakazi. Walio wengi huteuliwa na gavana, kisha Bunge la Kaunti huwakubali au huwakataa. Na Kakuma ikiwa manispaa, njia ni hiyo hiyo.

Basi tufikiri vizuri. Siku ya uchaguzi mkuu kila mmoja wetu hupewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge, na ya mwakilishi wa wadi, ambaye watu humwita MCA. Watu hupigana maneno juu ya karatasi ya kwanza, na ile ya sita huitia sandukuni bila kuitazama. Lakini karatasi ya sita ndiyo iliyo karibu zaidi na mfuko wa mfanyakazi. Maji, soko, leseni ya duka, taka, zahanati, barabara za kaunti na shule za chekechea ni kazi za kaunti. Ada ya kibanda sokoni hupitishwa na Bunge la Kaunti. Makadirio ya fedha hupelekwa mbele ya bunge hilo kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, nalo hutakiwa kuyapitisha kabla ya mwisho wa Juni. Mishahara ya wafanyakazi wa kaunti imo humo. Turkana ina wadi 30. Mji wa Lodwar uko katika wadi za Lodwar Township na Kanamkemer, na Kakuma ni wadi katika Turkana Magharibi. Huyo anayeketi huko kwa jina la wadi ndiye mkono wetu juu ya bodi ya mji.

Sasa tuseme lililo na uchungu. Wenzetu wengi wanaofanya kazi katika miji hii miwili hawana kura hapa. Dereva, mwashi, mlinzi, karani, mwuguzi, kila mmoja aliandikishwa kwao, naye aliyehamishwa kutoka Lodwar hata Kakuma aliiacha kura yake nyuma. Siku ikifika, ama hupanda basi la mbali kwa nauli yake mwenyewe, ama hukaa tu. Halafu kwa miaka mitano hunung'unika kwamba bomba halina maji. Atanung'unika kwa nani? Mwakilishi wa wadi hutazama daftari la wapiga kura, na jina la huyu ndugu halimo.

Liko na jambo la pili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inasema kwamba kaunti yaweza kuwauliza wananchi kwa kura juu ya jambo kubwa la mahali pao. Likiwa ni jambo la mipango au la uwekezaji, kama vile kiwanja cha soko kitumiwe namna gani, lazima kwanza pawe na ombi lenye sahihi za asilimia 25 ya wapiga kura walioandikishwa mahali hapo. Angalieni maneno hayo: walioandikishwa mahali hapo. Aliyeandikishwa Kitale akitia sahihi ya ombi la Lodwar, sahihi yake haihesabiwi. Ni kweli sheria imesema "yaweza", wala haikuilazimisha kaunti kuita kura hiyo. Lakini bila hizo sahihi hata mlango haugongwi.

Ndugu mwingine atasema: shamba na wazee wangu wako nyumbani, nikiihamisha kura nitakuwa nimewatupa. Hoja hii si ya kudharauliwa, na aliye na moyo huo ana haki yake. Lakini aliyekaa Kakuma miaka kumi, ambaye watoto wake wanasoma hapa na mkewe anauza sokoni hapa, huyo si mgeni tena. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tumekwisha lishika siku nyingi.

Wako pia wenyeji wanaoogopa kwamba kura za waliotoka mbali zitawameza. Kwao tunasema: chama hiki ni cha Waturkana na cha wasio Waturkana, na maji yakikatika hukatika kwa wote. Chama hakimwambii mtu ampigie nani. Kinasema apige mahali anapoumia. Tena tukumbuke jirani zetu wa kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa 1992, na wa Kalobeyei, iliyoanzishwa 2016. Wakimbizi hawana kura katika uchaguzi wa Kenya, ingawa wengine wao hufanya kazi bega kwa bega nasi. Kura ya mwenye kura iwafikirie na hao.

Wazee wetu hawakuipata haki hii bure. Mwaka 1957, Waafrika walipowachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza katika Kenya, kura ilipimwa kwa elimu, mshahara na mali, hata wengine wakapewa kura tatu na maskini asipewe hata moja. Leo kitambulisho cha mfagiaji kina nguvu sawa na cha bwana mkubwa. Itakuwa aibu tukiacha nguvu hiyo ilale mbali.

Kwa hiyo, ndugu, fanyeni hivi. Nendeni katika ofisi ya IEBC ya jimbo mnalokaa, mkiwa na kitambulisho, mkaombe kuihamisha kura. Sheria inataka ombi hilo lifike siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, hiyo ni mapema mwezi wa Mei, wala asingoje mtu siku ya mwisho. Ukirudi, mchukue mwenzako wa zamu umpeleke naye.