Mkoba Ufaao ni Upi?



Binti mmoja wa kwetu Pwani, aliyeolewa Gatitu karibu na mji wa Nyeri, ameniletea swali ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Kila asubuhi hushika njia ya mjini, mtoto mgongoni na mkoba wa dukani begani. Mwaka huu mikoba miwili imemkatikia ukanda. Wa pili ulikatikia ndani ya matatu, dawa ya mtoto ikamwagika. Mavyaa wake, ambaye ni msusi, amemsukia kiondo. Naye amekitundika ukutani, akichelea kuchekwa na wenzake atakapokuja nacho harusini Mombasa. Auliza: abebe kipi?

Mwanangu, anza kwa kuhesabu kabla ya kutazama rangi. Mwaga vyote ulivyo navyo juu ya mkeka. Kitambulisho, pesa, simu, funguo, dawa, nguo moja ya mtoto, chupa ya maji na leso ya kuswalia: hivyo ndivyo haja ya siku. Kilichokaa juma zima bila kuguswa, kibaki nyumbani. Mkoba mkubwa kupita haja hukaribisha mizigo, na mzigo wa bega moja huchosha shingo na mgongo.

Kisha tazama mambo matatu. Ukanda uwe mpana, na mrefu wa kuvuka kifua, mikono yako yote miwili ibaki kwa mtoto. Mahali uliposhonewa ukanda pawe imara, kwa kuwa mikoba mingi huanza kufa hapo; pavute kwa nguvu kabla ya kulipa. Na mdomo ufungike.

Sasa kipime kiondo kwa mizani hiyo. Husukwa kuanzia kitakoni, nyuzi zikazungushwa juu kwa juu hadi mdomoni, kwa hiyo hakina mshono ubavuni wa kufumuka. Katani yake husokotwa kwa mkono pajani, na ukanda wake wa ngozi ukichakaa hubadilishwa, kiondo kikabaki. Aibu zake ni mbili: mdomo wake u wazi, na katani ngumu hukwaruza buibui la kitambaa chepesi. Zote zina dawa. Kitie bitana ya leso yenye zipu na kifuko cha simu, na upande unaogusa nguo ushonee kitambaa laini. Kikilowa kwa mvua za huko, kianike kivulini penye upepo.

Ama kuhusu kuchekwa, na tuulizane sisi wa Pwani: bibi zetu walikwenda sokoni na nini? Si vikapu vya ukili, vilivyosukwa kwa miyaa? Mfuko wa plastiki ndio uliotusahaulisha. Zanzibar iliupiga marufuku mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Leo twarejea kwenye kikapu. Kiondo cha mlimani na kikapu cha ukili ni ndugu. Amchekaye mmoja amemcheka na mwenziwe.

Limebaki neno kwa wanunuzi wote. Tuna tabia ya kuingia duka la vioo tukalipa bei iliyobandikwa bila kusema neno, kisha tukifika sokoni Karatina tukamkaba mama aliyesuka kwa siku nyingi, tukimtaka apunguze hadi asibakiwe na faida. Kupatana bei ni halali. Lakini kumbukeni katika Surat Hud namna Nabii Shu'ayb alivyowaonya watu wa Madyan wasiwapunje watu vitu vyao. Kazi ya mikono ya mama yule ni kitu chake, na humo imo karo ya wanawe.

Basi, binti yangu, jawabu langu ni hili: kiondo kishushe ukutani, kitie bitana, uje nacho harusini. Mavyaa wako amekupa siku zake nyingi. Kuzitundika ukutani kwa kuogopa macho ya watu si kumtendea haki. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akipokea zawadi na kuilipa. Nawe ukirudi Gatitu, mchukulie mavyaa wako kikapu cha ukili kutoka kwetu, ndani yake tende na halua.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu na mikono inayotuhudumia. Amin.