Kopa au uru? Piga hesabu kabla ya kunadi

Mpenzi msomaji, iwapo umewahi kucheza briji ukiwa upande mmoja na mkeo au mumeo, bila shaka wajua kwamba karata zaweza kuleta baridi nyumbani kushinda ile ya Julai.

Jumapili moja tulialikwa na majirani. Mama watoto akafungua mnada kwa kopa 1. Mimi nilikuwa na kopa 3, na uru 6 za kupendeza. Uru hizo zilinipofusha kabisa. Nikazing'ang'ania hadi nikanadi uru 5, yaani nikaahidi kwamba tungekula mizunguko 11 kati ya 13. Kumbe majirani walikuwa na ree ya shupaza, ya pau na hata ya uru! Tukala mizunguko 10, nao wakaandikiwa alama 50.

"Baba Wairimu, kopa zangu zilikukosea nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Hebu tazama hesabu yenyewe. Gemu huhitaji alama 100 za mizunguko mliyoahidi, na mizunguko 6 ya kwanza hailipwi. Baada ya hapo kopa na shupaza, ambazo ndizo kubwa, hulipa alama 30 kwa kila mzunguko. Uru na pau, zilizo ndogo, hulipa 20 tu. Mkicheza bila turufu, mzunguko wa kwanza hulipa 40 na kila unaofuata 30.

Kwa hivyo bila turufu mnahitaji mizunguko 9, kopa au shupaza 10, uru au pau 11. Kwa mizunguko yetu ile ile 10, kopa 4 zingetupatia alama 120!

Ufanyeje basi? Kwanza, tafuteni kopa au shupaza 8 kati ya mikono yenu miwili. Mkizipata, hiyo ndiyo turufu yenu. Mkizikosa na mkawa na uru au pau nyingi, fikirieni bila turufu 3 kabla ya kupanda hadi 5. Lakini ikiwa kuna aina ya karata ambayo nyote wawili hamwezi kuizuia, basi uru 5 ni salama zaidi, kwani wapinzani watawamaliza hapo.

Na mkiwa na nguvu ya kula mizunguko 12, msiidharau ndogo. Zawadi ya kuahidi 12 na kuipata ni ile ile kwa turufu yoyote.

Kumbuka pia kwamba mnada ni njia ya kuzungumza na mwenzako mezani. Akitaja kopa, anakwambia jambo. Msikilize.

Mimi nimesamehewa. Ningemwomba mama watoto awe ananikonyeza nikianza tena wazimu wa uru, lakini sheria za briji haziruhusu.

Jumapili njema!