Tupeni vumbi, si ndege ya mtoto

Mpwa wangu wa Mombasa, kijana wa miaka 14, alikohoa usiku kwa muda wa wiki tatu. Mama yake alilaumu feni, kisha akalaumu maji ya barafu. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya kifua. Ya pili ikampa dawa ile ile, chupa kubwa zaidi. Ni daktari wa tatu aliyemwuliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuwa tumeliuliza: "Ukitoka shule unafanya nini?"

Alikuwa akiunda ndege. Ndege ya mfano yenye mota ya umeme, ya kuongozwa kwa redio, ambayo mwili wake ni wa balsa, mti laini wa Amerika ya Kati na Kusini. Mita moja ya ujazo ya balsa ina uzani wa kilo 160 hivi, ilhali ya mvule hupita 600. Kijana alikata mataruma, akayapanga kwa gundi, akayavika vibao vyembamba, halafu akaanza kupiga msasa ili mwili upate mviringo wake. Yote hayo juu ya kitanda, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Naye ana pumu tangu utotoni.

Dada yangu alibeba chombo chote akakitia katika pipa la taka. Hapo ndipo tulipotofautiana. Mtoto anayeweza kukaa saa tatu akipima taruma moja hadi likae sawa anajifunza jambo ambalo hatalipata kwenye simu. Nilikwenda pipani nikakiokota.

Lakini nisieleweke vibaya, vumbi la mbao si mzaha. Huko Uingereza, katika mji wa High Wycombe uliosifika kwa viti, madaktari waligundua katika miaka ya 1960 kwamba maseremala walikuwa wakiugua saratani ya pua kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. (Mafundi wa mji huo huo, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, walitengeneza sehemu za ndege ya kivita iliyoitwa Mosquito, yaani mbu, ambayo mwili wake ulikuwa wa balsa iliyobanwa kati ya mbao za tabaka.) Wale walikuwa watu waliovuta vumbi la mbao ngumu miaka nenda miaka rudi, mtoto wa ndege moja asitishwe kwa saratani. Kinachomhusu yeye ni pumu, na pumu haingoji miaka. Vumbi lolote laini laweza kuiamsha, na la mvule linajulikana sana kwa ubaya huo.

Sisi asili yetu ni Faza, kisiwani Pate, na likizo ya Agosti nilimpeleka kijana kwa babu yake pamoja na ndege yake. Mzee aliigeuza mkononi, akacheka. Alisema mtepe wa Wabajuni wa zamani ulishonwa mbao kwanza kwa kamba za makumbi, mataruma yakafuata, na hawa wa ndege wameanza kinyume. Kisha akampeleka ufuoni.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Chombo huundwa nje, upepo ukipita. Tezo hutoa vibanzi, navyo huanguka chini miguuni. Msasa hutoa unga, na ule ulio laini kabisa huelea, usiuone, ukashuka hadi ndani ya mapafu. Sisemi wazee hawakuugua. Siku hizi mashine za msasa zimefika visiwani pia, na fundi anayejifunga leso puani anazuia yale makubwa tu. Barakoa ya N95, ile tuliyoifahamu wakati wa Korona, ndiyo inayofaa, mradi ikae vizuri usoni.

Kwa hiyo, mzazi wa mjini, mpe mtoto roshani au ua. Akae upepo umpitie ubavuni. Akate kwa wembe mkali kadiri awezavyo, msasa uwe wa mwisho. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe wala lisipulizwe kwa mdomo. Gundi zile zinazokauka kwa sekunde zina mvuke unaochoma macho na kukaza kifua. Gundi nyeupe ya maji ni ya polepole lakini ni salama zaidi. Betri ya lithiamu isichajiwe watu wakiwa wamelala, wala juu ya godoro, kwani ikiharibika hushika moto. Na mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta eti kwa kuwa yuko nje.

Ufuoni Faza tulipata shida moja tu: kusi ilikuwa kali, na balsa ni nyepesi mno. Vibao viwili vilichukuliwa na upepo hadi majini kabla hatujajua kuviwekea jiwe. Usiku kijana alilala bila kukohoa. Ndege yenyewe haijaruka bado. Limebaki bawa la kushoto, na hilo, babu yake amesema, lingoje kusi ipungue.