Bei ya ng'ombe Garissa huanzia kisimani

Wabajuni husema jina la Kismayo limetokana na "kisima yuu", yaani kisima cha juu. Mji huo wa bandari unatajwa kwa maji, na biashara ya mifugo iliyo nyuma yake hadi leo hupimwa kwa maji.

Mfanyabiashara akifungua ramani ya topografia ya Jubba ya Chini ataona bonde la Lagh Dera likitoka Kenya, likiingia Somalia na kuelekea mto Juba. Mstari wa buluu uliokatika-katika maana yake ni mto wa msimu. Hupata maji ikinyesha gu (Aprili hadi Juni) au deyr (Oktoba hadi Desemba). Wakati wa jilaal, Januari hadi Machi, ni mchanga mtupu, na mifugo hubaki kutegemea visima, mabwawa na mto Juba wenyewe.

Tangu serikali ya Somalia ianguke mwaka 1991, ng'ombe wengi wa Afmadow wamekuwa wakiswagwa kwa miguu hadi soko la Garissa, na huko ndiko hupakiwa malori kwenda Nairobi. Ngamia anaweza kukaa zaidi ya wiki bila kunywa. Ng'ombe ni siku mbili, tatu. Kisima kimoja kikikauka njiani, msafara wote unazunguka au unakonda.

Hapo ndipo wengi hupotea hesabu. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Mfugaji aliuza kwa bei ya kutupa, na mnunuzi akaona faida. Lakini ng'ombe wa bei rahisi Afmadow akifika Garissa mifupa mitupu, si rahisi tena. Mvua zikirudi, mfugaji hauzi, na barabara hukatika: Novemba 2023 Tana ilifunika njia kati ya Garissa na Mororo.

Ramani pia haionyeshi ladha. Maji ya chini ya ardhi ya Merti, yanayonyweka vizuri Dadaab, huzidi chumvi kadiri unavyokaribia Liboi. (Mbajuni wa visiwani hahitaji kuambiwa kwamba kisima huonjwa kwanza.)

Kwa hiyo, kabla ya kutuma pesa Afmadow, piga simu mbili. Ya kwanza uliza bei. Ya pili mpigie mtu aliye kisimani, akwambie kama pampu ina dizeli na foleni ya mifugo imefika wapi.